Kurudi kwenye baiskeli baada ya upasuaji wa goti

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tabora. Wagonjwa wangu waliopasuliwa goti huuliza kwanza, "Nitapanda lini baiskeli?" Nawaelewa, maana baiskeli ndiyo inayobeba maji, mkaa na mtoto wa shule. Ila goti lililopasuliwa halikwambii kitu siku hiyohiyo. Hukwambia kesho yake asubuhi, na hatua zote hapa chini zinafuata hilo.

Hatua ya 1: Jua ulifanyiwa nini. Aliyepunguziwa menisko, ule mto wa gegedu kati ya mifupa, mara nyingi huanza kupiga pedeli ndani ya wiki 1 au 2. Aliyeshonwa menisko kwa kawaida hukatazwa kukunja goti kupita pembe ya nyuzi 90 kwa wiki 4 hadi 6, hivyo asubiri. Aliyewekewa kano mpya ya ndani ya goti huanza na baiskeli isiyotembea. Barabarani ni miezi 3 hivi au zaidi, kwa ruhusa ya daktari wake.

Hatua ya 2: Pima linakunja kiasi gani. Pedeli haizunguki duara zima bila goti kufika nyuzi 110 hivi. Kaa kwenye kiti: muundi ukiwa wima, hizo ni 90. Rudisha unyayo nyuma taratibu. Ukifika sentimita 15 hivi bila kuinua nyonga, uko tayari.

Hatua ya 3: Siti. Hapa ndipo magoti mengi yanapoharibikia. Baiskeli ya nyumbani hutumiwa na wote, kwa hiyo siti hushushwa hadi chini ili kila mtu akanyage ardhi. Siti ya chini hulikunja goti kupita kiasi pedeli inapokuwa juu, na pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele, hukandamizwa kwenye mfupa wa paja.

Mtu akushikie baiskeli. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Sasa sogeza unyayo, sehemu ya mbele ndiyo ikanyage pedeli. Goti litabaki limekunja kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Kaza nati, kisha zungushia bomba la siti utepe mwekundu, ili kijana wako akiishusha ujue pa kuirudisha.

Hatua ya 4: Dakika 5, gurudumu hewani. Huna baiskeli ya mazoezi? Phoenix yenye stendi pana ya nyuma inatosha. Fundi aikague stendi, na mtu mzima ashike usukani muda wote. Panda kutoka kwenye ngazi fupi, ukisimamia mguu mzima, ule usiopasuliwa. Kanga ifungwe juu, mbali na mnyororo. Anza kwa nusu duara, mbele na nyuma, mpaka goti lenyewe lipite juu. Usilisukume kwa mkono.

Hatua ya 5: Kipimo cha asubuhi. Kabla hujaanza, chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya pia ya goti, andika. Pima tena kila asubuhi, mguu umenyooshwa. Kama halijaongezeka, ongeza dakika 2. Likiongezeka sentimita 1, pumzika siku hiyo, kisha rudi na nusu ya muda. Nenda hivyo hadi dakika 20.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, usisubiri asubuhi: huenda ni damu iliyoganda, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mshono ukitoa usaha au ukipata homa, vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Barabarani. Chagua njia tambarare na ngumu. Mchanga hupindisha gurudumu la mbele, nawe utatupa mguu chini ghafla, na mara nyingi ni ule mbovu. Jizoeze kusimama kwa kukanyaga mguu mzima. Baiskeli isiyo na gia usiisimamie kwenye pedeli mlimani, shuka, sukuma. Abiria bado.

Mzigo uje mwisho, baada ya wiki 2 za barabarani bila uvimbe. Anza na dumu moja la lita 10, lifungwe katikati ya keria, lisining'inie upande.