Onyo la vito kwenye kopo la krimu

Kabla ya kupaka krimu ya kung'arisha ngozi, geuza kopo usome maandishi madogo. Ukikuta onyo kwamba isigusane na dhahabu, fedha au alumini, iache: hiyo ni dalili ya zebaki, metali yenye sumu, maana hushikamana na metali hizo na kuziharibu. Tafuta pia “calomel” (kiwanja cha zebaki) au “Hg” (alama ya zebaki). Kopo lisilo na orodha ya viambato ndilo baya zaidi, usilinunue.

Zebaki huumiza figo, na mabaki yake kwenye taulo na mashuka hutoa mvuke, hivyo hata mtoto asiyepakwa huipata. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo baada ya 2020, lakini anayeichanganya kwa siri haiandiki.

Umeshatumia krimu kama hiyo? Acha leo, funga kopo ndani ya mfuko, umwombe daktari kipimo cha mkojo.