Hukumu imekuuma? Namna ya kukata rufaa na ya kumlalamikia hakimu, kwa wenzangu wa Malindi

Mtu wako amehukumiwa leo katika mahakama ya hakimu hapa Malindi, na umetoka nje ukiwa na uchungu kwamba hakusikilizwa. Labda alianza kueleza habari za mama yake mgonjwa, akakatizwa. Labda mashtaka yalisomwa kwa Kiswahili cha haraka, naye amekulia Kigiriama. Kabla ya kumpigia simu mtu yeyote, chukua kalenda uhesabu siku 14 kuanzia siku ya hukumu. Huo ndio muda wa kukata rufaa, kwa kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya.

Nimekaa na familia nyingi kwenye benchi za mahakamani nikiwasaidia kuandika barua, na kosa ninalolikuta mara kwa mara ni kuchanganya njia mbili. Ipo njia ya kubadilisha adhabu, nayo ni rufaa. Ipo njia ya kumwajibisha hakimu kwa mwenendo wake, nayo ni malalamiko. Malalamiko hata yakikubaliwa hayamtoi mtu gerezani. Mama mmoja wa Barani alihangaika wiki tatu na barua ya malalamiko, akipanda na kushuka ngazi za ofisi, akiamini anamwokoa mwanawe. Aliponifikia, siku zake zilikuwa zimekwisha, tukalazimika kuanza kwa kuomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo shika rufaa kwanza.

Asubuhi ya pili nenda masjala ya mahakama iliyotoa hukumu. Andika barua fupi: jina la aliyehukumiwa, nambari ya kesi, tarehe ya hukumu, kisha maneno haya: "Naomba nakala ya hukumu na ya mwenendo wote wa kesi ili nikate rufaa." Toa nakala mbili. Moja mwachie karani, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe ubaki nayo. Usikubali kuambiwa "tumekusikia, rudi wiki ijayo" bila muhuri huo. Sheria inasema Mahakama Kuu lazima ipokee rufaa iliyochelewa ikiwa ucheleweshaji ulitokana na kukosa nakala hizo ndani ya muda unaofaa baada ya kuziomba. Utathibitishaje kwamba uliziomba? Kwa karatasi hiyo yenye muhuri. Nimeona rufaa ikiokolewa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne ndani ya mkoba wa bibi mmoja mzee. Haki ya kupata nakala baada ya kesi kwisha imo pia katika ibara ya 50 ya Katiba, ingawa unaweza kutakiwa kulipa ada.

Ukipata nakala, isome taratibu, au mtafutie msomaji. Tazama yafuatayo: alipewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu? Hakimu alitaja sababu za adhabu aliyoitoa? Alikuwa na mkalimani? Ibara ya 50 inampa mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Halafu hesabu miezi aliyokaa rumande. Kifungu cha 333(2) cha ile Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaitaka mahakama izingatie muda huo inapopanga kifungo, na hilo husahaulika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyekaa rumande mwaka mzima, halafu kifungo chake kikahesabiwa kuanzia siku ya hukumu, ana hoja nzito.

Sasa andika hati ya rufaa kwenda Mahakama Kuu. Usiandike "hakimu alikuwa mkali". Andika kosa lenyewe: "Hakimu hakuzingatia miezi 11 niliyokaa rumande," au "Sikupewa mkalimani, nami sikuelewa mashtaka niliyoyakubali." Kila hoja ipe nambari yake. Kama mtu wako yuko gerezani, si lazima asubiri wakili: kifungu cha 351 kinamruhusu kumkabidhi hati yake afisa msimamizi wa gereza, naye ataipeleka kwa msajili. Wewe wa nje kazi yako ni kwenda kuhakikisha imefika.

Aliyekiri kosa hana rufaa juu ya kutiwa hatiani, bali juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Lakini kama kukiri kwenyewe kulikuwa na walakini, kwa mfano kosa halikuelezwa kwa lugha anayoielewa, majaji hulisikiliza hilo. Na nakwambia kwa moyo mweupe: Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza adhabu na wa kuiongeza pia. Jaji akielekea huko hutoa onyo kwanza. Akionya, usikaidi, keti na wakili mfikirie kama rufaa iendelee. Wakati rufaa inasubiri, unaweza kuomba dhamana kwa kifungu cha 357. Kama huna pesa ya wakili, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016.

Hapo ndipo uje kwenye mwenendo wa hakimu. Lalamika akimtukana mshtakiwa, akidharau kabila au dini yake, akikutana faraghani na upande mmoja, au akiahirisha hukumu miezi na miezi bila sababu. Kutokukubaliana na uamuzi wake si utovu wa nidhamu, na barua inayosema hivyo tu hurudishwa. Barua ielekeze kwa Tume ya Huduma za Mahakama, ambayo kwa ibara ya 172 ndiyo inayowachunguza na kuwaadhibu mahakimu, au kwa ofisi ya malalamiko ya Idara ya Mahakama. Kama kuna aliyedai hongo, peleka habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Taja tarehe, nambari ya kesi, chumba cha mahakama na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, hata kama ni machungu kuyaandika. Taja waliokuwapo. Usirekodi kwa simu ndani ya mahakama bila ruhusa. Badala yake, ukitoka tu, kaa chini ya mwembe uandike kila kitu ungali unakikumbuka. Usitie matusi.

Na kama hukumu bado haijasomwa, unayo hatua ya mapema zaidi: mshtakiwa au wakili wake asimame amwombe hakimu ajiondoe katika kesi hiyo, kwa heshima, akieleza sababu, na ahakikishe ombi hilo limeandikwa kwenye faili. Hakimu akikataa, maandishi hayo yatakuwapo siku ya rufaa.