Somo: Kuchagua vigae vya nakshi kwa sakafu ya jikoni

Dukani, kigae cha nakshi hukiona kimoja tu, kimesimamishwa mbele yako na kumulikwa taa kali. Nyumbani kitalala chini kikiwa na wenzake kila upande, nusu ya sakafu itafunikwa na kabati, na wewe utakitazama kutoka juu, ukiwa umesimama. Ndiyo maana mtu hununua kigae kizuri sana akaishia na sakafu inayochosha macho. Katika somo hili tunaanza na sakafu inayoonekana, halafu ukubwa wa nakshi, halafu kigae kimetengenezwa kwa nini. Rangi tunaiacha karibu na mwisho. Najua wengi huanza na rangi, na nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu rangi karibu zote utazipata katika nakshi ya ukubwa wowote, lakini nakshi isiyolingana na chumba haina rangi ya kuiokoa.

Hatua ya 1: Pima sakafu inayoonekana

Chukua karatasi ya miraba, chora chumba chote, kisha futa kila sehemu itakayokaliwa na kabati, friji na jiko la kupikia. Kilichobaki ndicho unachokinunulia nakshi. Chumba chenye upana wa sentimita 240, chenye kabati za kina cha sentimita 60 pande zote mbili, kinabakiwa na njia ya sentimita 120. Hiyo 120 ndiyo namba ya kwenda nayo dukani, si 240.

Weka alama pia mahali pa kuingilia. Sakafu ya jikoni husomwa kuanzia mlangoni, na mstari wa kwanza wa vigae unaouona ukiingia ndio unaoamua kama kazi ilinyooka.

Hatua ya 2: Tafuta ukubwa wa nakshi, si ukubwa wa kigae

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye uzito wa somo zima.

Vigae viwili vinaweza kuwa vyote vya sentimita 20 kwa 20, na bado nakshi zake zikawa za ukubwa tofauti kabisa. Cha kwanza nakshi yake inaanza na kuishia ndani ya kigae kimoja. Cha pili kimebeba robo tu ya mchoro: lazima uunganishe vinne ndipo duara litimie, kwa hiyo nakshi yake ni sentimita 40 kwa 40. Zipo pia zinazohitaji vigae 16, yaani sentimita 80 kwa 80. Muulize muuzaji swali moja: mchoro unatimia kwa vigae vingapi?

Sasa rudi kwenye njia yetu ya sentimita 120, tuache kwanza grauti, yaani kijazio cha nafasi kati ya vigae. Nakshi ya 20 inajirudia mara 6. Ya 40 inajirudia mara 3, moja katikati na moja kila upande, na hukaa vizuri sana. Ya 80 inaingia mara moja na nusu, nusu nyingine inakatwa na kabati, na jicho litaendelea kuitafuta kila siku. Kipimo ninachokitumia ni hiki: upande mwembamba wa sakafu inayoonekana uchukue nakshi nzima angalau mara 3. Ikishindikana, shuka kwenye nakshi ndogo.

Kuna vigae vikubwa vya sentimita 60 kwa 60 vilivyochapishwa juu yake miraba 9 ya sentimita 20, na mistari ya kuchora inayoiga grauti. Huwekwa haraka, lakini viangalie kwa makini. Grauti halisi isipofanana na ile ya kuchorwa kwa upana na kwa rangi, utaona miraba mikubwa badala ya nakshi. Na kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 40, mchoro wa vigae vinne hauwezi kuendelea vizuri kutoka kipande hadi kipande. Vigae vya aina hii vinafaa zaidi pale kila mraba unapojitegemea.

Michoro ya kina cha kudanganya macho, kama ile miraba inayoonekana kama maboksi yaliyosimama, naiweka mbali na jikoni, hasa kwa nyumba yenye mzee au mtu mwenye uoni hafifu. Weusi na weupe vikipishana kwa ukali humfanya asijue palipo tambarare na palipo na kipandio.

Kabla ya kuamua, omba sampuli za kutosha kutimiza nakshi moja nzima, zilaze chini jikoni kwako, kisha simama mlangoni. Tazama mchana kwa mwanga wa dirisha, tazama tena usiku kwa taa ileile unayopikia.

Hatua ya 3: Kigae kimetengenezwa kwa nini

Poselini, yaani kauri nzito iliyochomwa kwa joto kali, ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi. Hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo mafuta na mchuzi havipati njia ya kuingia. Kauri ya kawaida ya sakafuni nayo inafaa, ilimradi katoni iseme wazi kuwa ni ya sakafu. Vigae vya ukutani vinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10 na ngozi yake ya juu ni laini. Hata nakshi yake ikikuvutia namna gani, usiviweke chini.

Kwa vigae vyenye glezi, yaani ngozi ya juu kama kioo iliyochomewa juu yake, tafuta alama ya PEI inayopima uwezo wa kustahimili msuguano. Mwisho wake ni 5. Jikoni nyumbani usishuke chini ya 3, na kama jiko lina mlango wa nje unaoingiza mchanga, chukua 4. Mchanga unaosagwa na viatu ndio unaofuta nakshi mapema, kuliko maji au sabuni. Kisha angalia alama ya utelezi, inayoanzia R9 hadi R13. R10 inatosha. Ukipanda zaidi, kigae kinakuwa na mkwaruzo unaoshika uchafu, na kudeki kunageuka adhabu.

Vigae vya saruji ni habari nyingine. Havichomwi kwenye tanuru. Rangi humiminwa ndani ya kalibu, saruji ikafuata, vikagandamizwa kwa mashine ya haidroliki. Ufundi huu ulienea Ulaya kuanzia katikati ya karne ya 19. Nakshi yake si chapa ya juu juu bali ni tabaka la milimita kadhaa, hivyo hata kikichakaa mchoro unabaki, na uzuri wake unaongezeka kwa miaka. Lakini vinanyonya, na asidi huvila. Tone la ndimu au siki lisipofutwa mara moja huacha doa lisilotoka. Lazima vipakwe dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya grauti na baada yake, na kupakwa upya mara kwa mara. Mara nyingi unene wake ni milimita 16 hadi 20, wakati poselini nyingi ni 8 hadi 10, kwa hiyo pima nafasi iliyo chini ya mlango. Anayependa kutunza achukue saruji kwa moyo wote. Asiyependa achukue poselini yenye mchoro wa namna hiyo.

Hatua ya 4: Rangi na grauti

Rangi mbili au tatu zinatosha, na moja iwe tayari ipo kwenye kitu kisichohama, kama kaunta au milango ya kabati. Grauti ichukue rangi ya kati iliyo karibu na mandharinyuma ya kigae. Nyeupe itabadilika mbele ya jiko la kupikia kwanza, na nyeusi kwenye kigae cheupe hukata nakshi vipande. Grauti ya epoksi, iliyotengenezwa kwa gundi ngumu ya plastiki badala ya saruji, hainyonyi mafuta, ila inataka fundi mzoefu kwa sababu huganda haraka.

Hatua ya 5: Hesabu

Ongeza asilimia 10 kwa vigae vinavyopangwa sambamba na kuta, na 15 kama vinalazwa mshazari au nakshi ni kubwa. Hapa unapima sakafu yote itakayowekwa vigae, si ile inayoonekana tu. Mita za mraba 8 zinakuwa 8.8 au 9.2, kisha unapandisha hadi katoni nzima. Soma katoni zote: namba ya toleo, ya rangi na ya kaliba zifanane. Kaliba ni kipimo halisi cha kigae, na tofauti ya milimita moja tu hufanya mistari ya nakshi ipishane kona hadi kona. Vinavyobaki vihifadhi, kwa sababu miaka mitano baadaye toleo hilo huenda lisipatikane tena.

Hatua ya 6: Panga pakavu

Kabla ya gundi, panga mistari miwili inayokatana, mmoja kwa urefu na mmoja kwa upana, ukianzia katikati ya sakafu inayoonekana. Sogeza mpaka vipande vya pembeni visiwe vyembamba kuliko nusu ya kigae. Piga picha, mpe fundi, na ibandikwe ukutani wakati wa kazi. Acha nafasi ya milimita 6 au zaidi ukutani, itafunikwa na ubao wa pembeni. Sakafu hutanuka na kusinyaa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Jiko langu limeungana na sebule na hakuna ukuta. Nakshi niishie wapi?*

Marahaba. Ishie kwenye mstari ambao tayari upo, kama ukingo wa kaunta au usawa wa kabati la mwisho. Malizia kwa nakshi nzima, au kwa mstari mmoja wa vigae vya rangi tupu kama pindo. Hakikisha sakafu mbili zinakutana kwa usawa mmoja, na unene wa gundi uhesabiwe pia.

*Naomba kuuliza, naweza kuweka juu ya vigae vya zamani?*

Unaweza, kama vya zamani vimeshika. Gonga kimoja kimoja. Chenye sauti ya uwazi king'olewe na shimo lizibwe. Osha mafuta yote, kwaruza ngozi ya juu, tumia gundi iliyoandikwa kuwa inafaa juu ya vigae. Kinachosahaulika ni kimo: sakafu ikipanda, mashine ya kuosha vyombo inaweza kunasa chini ya kaunta na isitoke tena.

*Fundi anasema tuchanganye nakshi tofauti bila mpangilio, eti ndiyo kazi rahisi. Ni kweli?*

Kuchanganya kunapendeza, lakini usimwachie achukue kinachokuja mkononi. Mwageni sakafu nzima pakavu, hakikisheni vinavyofanana havigusani, na vya rangi nzito havikusanyiki kona moja. Fungueni katoni tatu kwa pamoja.

*Mimi nimeshanunua nakshi ya sentimita 80 na njia yangu ni 110. Dukani hawarudishi. Nifanyeje, ndugu mwalimu?*

Bado ina nafasi. Weka nakshi mstari mmoja katikati, sentimita 80, kisha kila upande ujazie sentimita 15 kwa vigae vya rangi tupu vinavyolingana na mandharinyuma, vyenye unene uleule. Itaonekana kama zulia refu lililonyooka kuelekea dirishani, na hakuna mchoro utakaokatwa.

*Nyumba ni ya kupanga. Vinili yenye nakshi inafaa?*

Vinili, yaani sakafu ya plastiki, inafaa, na kanuni ya mara 3 ni ileile. Sawazisha sakafu kwanza, maana mifereji ya vigae vya chini hujichora juu ya vinili baada ya muda. Usiweke sufuria ya moto chini hata kwa dakika moja. Na muulize mwenye nyumba kabla ya kutumia gundi. Vinili nzito ya kulaza bila gundi hutoka bila kuacha alama.