Jinsi ya kukata mzizi wa mahindi uone kila seli imekaa kama nani

Nilikuwa namwelekeza dogo wa kidato cha sita hapa Moshi, akauliza swali zuri sana: seli zote za mzizi zina DNA ile ile, sasa hii inajuaje iwe ngozi na ile iwe zailemu (mirija ya kupandisha maji)? Kikubwa ni nafasi, yaani seli inasikiliza majirani zake. Ila ukikata mwenyewe ndo inakuingia.

Hatua 1: Otesha mahindi kwenye pamba yenye maji. Chukua ya kula pale Mbuyuni, sio mbegu ya duka la pembejeo, ile imepakwa dawa.

Hatua 2: Kata ncha, dondoshea iodini, angalia kwa hadubini. Kofia ya mzizi inageuka nyeusi, ule ni wanga, na seli hizo ndo zinahisi chini ni wapi.

Hatua 3: Kukata kwa upana. Hapa wengi wanakwama so taratibu. Pasua kipande cha karoti, bana mzizi katikati, lowesha vyote, chukua wembe mpya (mpya kweli, sio wa jana) uvute kuja kwako mara moja bila kukereza. Kata vipande vingi viangukie kwenye kisosi cha maji afu chagua kile ambacho hata kukiona ni shida, na nusu duara nyembamba ni bora kuliko duara zima nene. Usikatie nchani kabisa, pale seli bado zinagawanyika na zinafanana karibu zote utadhani umekosea, panda hadi penye vinyweleo. Slaidi za kununua (vipande vilivyokatwa tayari kwenye kioo) mi sizipendi, hazikufundishi hili.

Hatua 4: Weka kipande kwenye slaidi, angalia kwa hadubini, usome kutoka nje: ngozi, korteksi (seli nyingi chini ya ngozi), endodemisi (uzio unaozunguka katikati ya mzizi) ya safu moja tu, afu zailemu na floemu (mirija ya chakula).

Kwa nini safu moja? Kwenye Arabidopsis (mmea mdogo unaotumika sana kwenye utafiti), protini ya SHR inatengenezwa katikati ya mzizi, inavuka safu moja, inakutana na protini nyingine, SCR, inayoizuia ndani ya kiini cha seli, haiendi mbele. Mmea ukikosa SHR, endodemisi haitokei. Na mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi waliua seli moja moja kwa leza, jirani ikasukumwa kwenye nafasi iliyoachwa ikabadilika kufuata kazi ya pale, sio ya kwao ilikotoka.

Chora palepale, na slaidi ikianza kukauka ongeza tone la gliserini.