Kuishi Bila Gluteni Ukiwa na Ugonjwa wa Siliaki: Lebo, Jiko na Mkate

Mwenye ugonjwa wa siliaki akila gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano), kinga ya mwili wake huugeukia utumbo mwembamba na kuushambulia. Vinyuzi vidogo mno vilivyotanda ndani ya utumbo, vinavyofyonza chakula, hufupika na kuwa bapa, na hapo madini ya chuma, kalisi na vitamini hupita bila kufyonzwa ipasavyo. Hakuna kidonge cha kuzuia hilo. Tiba ni kuacha gluteni yote, maisha yote. Kuacha mkate na keki watu hulielewa upesi. Kinachowaangusha ni vumbi la unga, chembe za mkate zilizobaki kwenye siagi, na lebo iliyosomwa nusu.

Kama hujapimwa bado, usianze lishe hii. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ziitwazo tTG-IgA, na daktari akiona haja atapitisha kamera mdomoni ili achukue vipande vidogo vya utumbo. Vipimo hivyo vyote viwili hutegemea kwamba unakula gluteni. Ukiacha mapema, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na majibu yanaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza unataka mtu awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki sita kabla ya kupimwa. Kurudia kula gluteni baada ya kuiacha huwatesa wengi, kwa hiyo pima kwanza.

Kiasi gani kinadhuru?

Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni ya gramu 2 hivi au zaidi. Miligramu 50 kwa siku, yaani takriban sehemu moja ya arobaini ya kipande hicho au chini yake, zikiliwa kila siku kwa miezi mitatu, zimeonekana kuharibu utumbo. Wataalamu wengi huweka mpaka wa usalama kwenye miligramu 10 kwa siku. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex, na sheria za Ulaya na Marekani zinazofanana nacho, huruhusu chakula kuitwa “hakina gluteni” kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Ukila nusu kilo nzima ya vyakula vya namna hiyo kwa siku, hutavuka miligramu 10.

Tumbo lako halifai kuwa kipimo. Wako wanaoharisha au kutapika kwa chembe chache, na wako ambao hawasikii lolote huku utumbo ukiendelea kuharibika. “Nilikula kidogo na sikuumwa” haithibitishi kitu. Amini lebo, jiko na majibu ya maabara.

Nafaka za kuacha na za kula

Acha ngano, shayiri na rai pamoja na jamaa zake zote. Spelti, kamuti, duram, semolina, kuskusi, bulguri na tritikale zote zina gluteni, hata pale muuzaji anaposema ni “nafaka ya kale” au “ngano nyepesi”. Seitani, inayouzwa badala ya nyama, ni gluteni yenyewe iliyokamuliwa kutoka kwenye unga.

Unaweza kula mchele, mahindi, mtama, ulezi, uwele, tefu, kinoa, bakwiti (haina undugu na ngano), mihogo, viazi, ndizi, maharage ya kila aina, karanga, mayai, maziwa, nyama, samaki, mboga na matunda. Msingi wa mlo uwe hapa. Bidhaa za viwandani zisizo na gluteni huwa na sukari na mafuta mengi, na nyuzinyuzi na madini ya chuma kidogo. Anayehamia kwenye biskuti na mkate mweupe wa dukani mara nyingi hufunga choo na kunenepa. Zungusha nafaka pia, usikae kwenye mchele peke yake, kwa sababu mchele hubeba sumu ya arseniki kutoka ardhini kuliko nafaka nyingine nyingi.

Oti, nafaka ya uji, ina mambo yake. Yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini oti ya kawaida hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano na shayiri, hivyo huchafuka karibu siku zote. Nunua iliyoandikwa kwamba haina gluteni tu. Subiri hadi dalili zitulie na vipimo vishuke, kisha anza na vijiko vichache na upande taratibu hadi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Wagonjwa wachache huathirika hata na oti safi, ndiyo sababu hupaswi kuianza wiki moja na mabadiliko mengine, maana hutajua kipi kimekudhuru.

Nafaka salama nayo inaweza kuchafukia njiani. Kinu kinachosaga ngano asubuhi na mahindi mchana kitakupa mahindi yenye ngano. Ukisaga mwenyewe kwa mashine isiyogusa ngano, tatizo hilo linakwisha. Dengu na nafaka nzima zimwage kwenye sinia pana, uzichambue kwa macho mara mbili au tatu, uondoe punje za ngano na shayiri, halafu ndipo uoshe. Unga hauchambuliki, na kwa unga nashauri usilegeze kamba: nunua wenye alama ya kutokuwa na gluteni.

Kusoma lebo

Soma viambato vyote kila unaponunua, hata bidhaa uliyoizoea, kwa kuwa kiwanda hubadilisha bila kutangaza. Neno linalowaponyoka wengi ni kimea. Kwa kawaida hutokana na shayiri, na hujificha kwenye nafaka za kifungua kinywa, vinywaji vya unga vya chokoleti, peremende na siki ya kimea. Bia ya kawaida haifai. Nchini Marekani sheria hulazimisha ngano itajwe kama kizio, yaani kitu kinachosababisha mzio, lakini shayiri na rai hazimo katika orodha hiyo. “Haina ngano” basi si sawa na “haina gluteni”. Ulaya hulazimisha nafaka zote zenye gluteni zitajwe, na huruhusu pia maneno “gluteni kidogo sana” kwa bidhaa zenye hadi miligramu 100 kwa kilo. Hizo si zako.

Tazama kwa makini sosi ya soya (nyingi huchachushwa kwa ngano), soseji, vidonge vya supu, mchanganyiko wa viungo, aiskrimu yenye vipande vya biskuti, na viazi vya kukaanga vilivyopakwa unga ili viwe vikavu. Maneno “huenda ikawa na chembe za ngano” kwa nchi nyingi ni ya hiari: kuwepo kwake ni onyo la kweli, kukosekana kwake si hakikisho.

Dawa nyingi hutumia wanga wa mahindi au viazi, ila muulize mfamasia kila unapopewa dawa mpya. Gluteni haipenyi kwenye ngozi isiyo na jeraha, kwa hiyo losheni haina shida ya siliaki, lakini kinachoingia mdomoni, kama rangi ya midomo, kiangalie. Udongo laini wa kuchezea watoto mara nyingi ni unga wa ngano. Mtoto mwenye siliaki anawe mikono kwa sabuni akimaliza.

Jiko la pamoja

Moto hauui gluteni, wala dawa ya kusafisha mikono yenye alkoholi haiiondoi. Kinachofanya kazi ni kuiondoa mahali ilipo, kwa sabuni, maji na kusugua.

Nunua upya vitu ambavyo havisafishiki: ubao wa mbao wa kukatia, mwiko, kifimbo cha kusukumia, chekeche, na chujio la tambi. Unga hukaa kwenye nyufa na matundu. Kikaango chenye mikwaruzo nacho kiwe chako peke yako. Tosta haishirikiwi kabisa. Kama huna ya pili, banika mkate kwenye oveni juu ya karatasi ya alumini. Sufuria za chuma, glasi, sahani na uma vikioshwa vizuri havihitaji kutengwa, na hakuna haja ya kujichosha kwavyo. Sponji tu iwe yako, kwa sababu ile ya wengine imejaa ute wa tambi.

Siagi, jamu na siagi ya karanga ndizo mtego mkubwa kuliko vyote. Kisu kinapita kwenye mkate, kinarudi kwenye kopo. Tenga makopo yako, uyabandike kipande cha utepe wa rangi moja inayojulikana na kila mtu nyumbani, pamoja na watoto na msaidizi wa kazi. Weka vyakula vyako rafu ya juu ili unga wa wengine usivimwagikie. Pika chakula kisicho na gluteni kwanza, kifunike, ndipo kingine kipikwe. Mafuta yaliyokaangiwa vitu vyenye unga wa ngano hayakaangi chako, wala maji yaliyochemshia tambi za kawaida hayachemshi zako.

Kama mnaweza kukubaliana nyumbani, ngano ikae humo ikiwa katika hali yoyote isipokuwa unga mkavu. Mkate uliookwa unadhibitika. Unga ukipepetwa huelea hewani kwa saa kadhaa na kutua juu ya kila kitu. Pakiwa hapana budi, funika vyakula vyote kwanza, na baadaye futa kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu utaurusha tena.

Mkate unaoshika

Gluteni ndiyo huunda utando unaonasa hewa ya hamira. Bila kitu cha kuchukua nafasi yake, mkate hutoka mfupi na wa kumong’onyoka. Maganda ya siliamu, ambayo maduka ya dawa huuza pia kwa jina la isabgoli kwa ajili ya choo kigumu, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko gundi ya zanthani (unga wa kugandisha donge), kwa maoni yangu, na huongeza nyuzinyuzi ambazo lishe hii hupungukiwa.

Kwa chombo cha mkate cha takriban sentimita 23 kwa 13, pima kwa mizani: unga laini wa mchele gramu 200, unga wa mtama gramu 100, wanga wa muhogo gramu 100, hamira ya chapuchapu gramu 7, sukari gramu 15, chumvi gramu 7. Hakikisha lebo ya hamira haitaji ngano. Kando, koroga gramu 20 za siliamu kwenye mililita 430 za maji ya uvuguvugu, usiache kukoroga mpaka yaanze kuwa mazito, kisha acha dakika 10 yawe kama ute mgumu. Ongeza mafuta mililita 30 na siki kijiko kidogo kimoja. Changanya na unga kwa dakika 5. Donge litanata na litakuwa laini kuliko la ngano, usiongeze unga. Libonyeze ndani ya chombo kilichopakwa mafuta, lisawazishe juu kwa mkono wenye maji, na uliache liumuke mara moja tu, hadi liongezeke kwa nusu, dakika 45 hadi 60. Oka kwa nyuzi joto 200 za selsiasi, saa moja au zaidi kidogo, hadi kipimajoto kisome 97 katikati. Toa kwenye chombo, uweke juu ya waya, na usikate kabla ya saa mbili.

Ukiwa na utelezi ndani, ama ulikata ukiwa moto ama haukuiva. Ukidondoka katikati, ulisubiri uumuke kupita kiasi au maji yalizidi. Ukimeguka, siliamu ilikuwa chache au haikupewa muda wa kunywa maji. Ukikwaruza ulimini kama mchanga, unga wa mchele ni wa chembe kubwa, badilisha unga. Mkate huu hukauka siku ya pili, basi ukate wote siku ya kwanza na ugandishe vipande.

Kula nje

Kuuliza “kina ngano?” hakutoshi, kwa sababu mpishi hufikiria viambato, hafikirii mafuta wala ubao. Uliza hivi: “Nina ugonjwa, hata chembe ya unga wa ngano hunidhuru. Haya mafuta mmekaangia nini kingine? Mchuzi umezidishwa uzito kwa unga? Nyama imelowekwa kwenye sosi gani? Mnaweza kunipikia kwenye kikaango kilichooshwa?” Jibu la kusitasita lichukulie kuwa hapana. Vyakula vyepesi kuthibitisha ni mayai ya kuchemsha, kiazi kilichookwa na ganda lake, samaki aliyefungwa kwenye karatasi ya alumini na kuokwa peke yake. Saladi iliyoletwa na vipande vya mkate uirudishe. Kuviokota hakuondoi chembe.

Ukiponyokwa

Hakuna cha kuitoa gluteni iliyoshaliwa. Kunywa maji, na maji ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji kama unaharisha au kutapika, ule vyakula vyepesi, upumzike. Vidonge vya vimeng’enya vinavyodaiwa kusaga gluteni visikupe ruhusa ya kula mkate. Andika ulichokula siku mbili zilizopita na wapi, maana chanzo mara nyingi hujirudia. Homa, damu kwenye choo, au kutapika kusikokoma ni safari ya hospitali, usivihusishe na gluteni moja kwa moja.

Miezi ya mwanzo maziwa yanaweza kukusumbua, kwa sababu kimeng’enya cha kusaga sukari ya maziwa hutengenezwa kwenye ncha za vile vinyuzi vilivyoharibika. Kwa wengi hali hiyo huisha utumbo unapopona: watoto mara nyingi hupona ndani ya miezi kadhaa, watu wazima huweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Rudia tTG-IgA miezi 6 baada ya kuanza, tena mwaka unapotimia, kisha kila mwaka. Pamoja nayo pima damu, madini ya chuma, foleti, B12 na vitamini D, na mwulize daktari kuhusu kipimo cha uzito wa mifupa. Kingamwili zisiposhuka, rudi kwanza kwenye jiko na lebo kabla ya kuwaza mengine. Chanzo cha kawaida ni gluteni inayoingia bila kujulikana. Na wazazi wako, ndugu zako wa kuzaliwa na watoto wako wapimwe pia hata kama hawana dalili, kwani takriban mmoja kati ya kumi wao huwa na ugonjwa huu. Wakati wakisubiri kipimo, waendelee kula ngano kama kawaida.