Somo: Ukaguzi wa gari umepitwa na muda. Je, bima bado ipo, na unaruhusiwa kuendesha?

Wakuu, kuna watu wa aina mbili kwenye jambo hili. Wa kwanza anaamini cheti cha ukaguzi kikiisha leo usiku, bima nayo imekufa papo hapo. Wa pili anasema bima nimelipia, huo ukaguzi ni karatasi tu. Wote wamekosea, ila kosa la huyu wa pili ndilo linalotoboa mfuko. Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la madai ya bima, nikifungua mafaili ya ajali na kutafuta kwa nini tulipe au tusilipe. Kwa hiyo nitawaeleza mambo yanavyoonekana kutoka upande ule wa meza.

Hatua ya 1: Jua kilichoisha ni kipi

Gari huwa na tarehe tatu ambazo watu huzichanganya: ya ukaguzi, ya bima, na ya usajili au ushuru wa barabara. Toa karatasi zote, ziweke mezani, andika tarehe kwa mkono wako. Usitegemee kumbukumbu wala stika iliyofifia kwa jua.

Kuna nchi ambako tarehe hizi zimefungwa pamoja. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na bima ya lazima kwa kawaida hulipiwa pamoja na ukaguzi huo. Mtu akisahau kimoja, mara nyingi amesahau vyote viwili, na hapo anakuwa na makosa mawili kwa mpigo. Uingereza mambo ni tofauti: cheti chao cha ukaguzi, MOT, kina tarehe yake na bima ina yake. Kinachokwama huko ni ushuru wa barabara, maana hauwezi kuulipia upya bila MOT halali.

Wajerumani wao wamerahisisha kazi ya polisi. Stika ya ukaguzi hubandikwa kwenye namba ya nyuma na husomwa kama saa: tarakimu iliyo juu kabisa ni mwezi, ya katikati ni mwaka, na rangi hubadilika kila mwaka. Askari aliye nyuma yako kwenye foleni anajua umechelewa kabla wewe hujamwona.

Hatua ya 2: Tenganisha kosa la barabarani na suala la bima

Ukaguzi ni kati yako na serikali. Bima ni mkataba kati yako na kampuni. Trafiki anaweza kukuandikia faini asubuhi kwa kukosa ukaguzi, na bima yako ikawa hai mchana wote. Kwa hiyo "bima yangu ipo" si jibu la askari, na "nimeshalipa faini" si jibu la kampuni ya bima.

Uzito wa kosa hutegemea nchi. Ujerumani, kwa gari dogo, miezi miwili ya kwanza haina faini. Ukivuka hapo unaanza na euro 15, na ukipita miezi 8 ni euro 60 na pointi moja ya adhabu kwenye rekodi yako ya udereva. Uingereza faini inaweza kufika pauni 1,000 lakini haina pointi. Japani hawana mchezo: pointi 6, ambazo husimamisha leseni kwa siku 30, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha hadi miezi 6 au faini ya hadi yeni 300,000. Kwa hiyo jirani akikwambia "kuna siku za msamaha", muulize ni za nchi gani.

Hatua ya 3: Fungua mkataba wa bima, tafuta sentensi mbili

Hapa ndipo penye kazi, tulieni kidogo.

Sentensi ya kwanza husema gari liwe katika hali nzuri na salama ya kutembea barabarani. Ya pili husema gari liwe na cheti halali cha ukaguzi. Mikataba mingi ina ile ya kwanza. Si yote iliyo na ya pili. Zinafanana masikioni lakini hazifanani kazi. Ya kwanza inatazama gari, ya pili inatazama karatasi. Gari linaweza kukosa cheti na likawa zima kabisa. Linaweza pia kuwa na cheti cha mwezi jana na tairi ni kipara.

Niwape mafaili mawili yaliyopita mikononi mwangu. La kwanza, gari lilikuwa limeegeshwa, upepo ukaangusha tawi juu ya boneti. Cheti kilikuwa kimeisha wiki tatu nyuma. Bosi mpya akataka tukatae. Nikamuuliza: cheti kingekuwepo, tawi lingeanguka pembeni? Tukalipa, ingawa tulipunguza kidogo kwenye thamani ya gari, kwa sababu gari lisilo na ukaguzi sokoni haliuziki bei ileile. La pili, gari liliteleza kwenye kona siku ya mvua. Cheti kilikuwa kimeisha siku nne tu. Mwenye gari alipigania zile siku nne kwa barua ndefu, lakini kwenye faili kulikuwa na picha moja iliyopigwa na mtathmini akiwa amechuchumaa: tairi la mbele, upande wa ndani, nyuzi za chuma zinachungulia. Tairi halichakai hivyo kwa siku nne. Hata angekuwa na cheti, dai lile lingekwama.

Kwa hiyo swali ambalo mtu wa madai hujiuliza ni hili: ubovu wa gari ulichangia ajali au la? Kuna sheria zinazomlazimisha ajiulize hivyo. Sheria ya Bima ya Uingereza ya mwaka 2015, kifungu cha 11, inazuia kampuni kujificha nyuma ya sharti lililovunjwa ikiwa uvunjaji huo usingeweza kuongeza hatari ya hasara ile iliyotokea, kwa namna ilivyotokea. Kama nchi yako haina kifungu cha namna hiyo, maneno ya mkataba yatakuwa na nguvu zaidi, na ile sentensi ya pili inaweza kukuumiza.

Sasa, bima ndogo na bima kubwa hazitendewi sawa. Bima ndogo, ya mtu wa tatu, ipo kwa ajili ya yule uliyemgonga. Ndiyo maana Sheria ya Barabara ya Uingereza ya 1988, kifungu cha 148, hairuhusu kampuni kutumia hali ya gari lako kama sababu ya kumnyima fidia. Wengi husoma hapo wakafurahi. Endelea kusoma: kampuni ikilipa kwa kulazimishwa na kifungu hicho, inaweza kukugeukia wewe ikudai pesa yake. Bima kubwa ndiyo inayotengeneza gari lako mwenyewe, na huko ndiko mvutano ulipo.

Hatua ya 4: Weka miadi kwanza, ndipo uwaze usafiri

Usiwashe gari "nilipeleke tu hapo karibu" bila kujua sheria yako. Uingereza unaruhusiwa kuliendesha kwenda kwenye ukaguzi uliowekewa miadi, mradi lina bima na halina ubovu wa hatari. Japani unaomba namba za muda, zinazotolewa kwa siku zisizozidi 5, na bima ya lazima iwe hai. Kama kwenu hakuna ruhusa ya aina hiyo, ita gari la kuvuta. Ni ghali, najua.

Ukiwa na ruhusa, nenda moja kwa moja. Beba uthibitisho wa miadi. Ukisimamishwa ukiwa unaelekea upande mwingine kabisa na mizigo kwenye buti, hadithi ya miadi haitaaminika.

Hatua ya 5: Iandikie kampuni ya bima, na piga picha gari

Andika, usipige simu tu. Mistari mitatu inatosha: cheti kimeisha tarehe fulani, miadi ni tarehe fulani, naomba mnijulishe kama bima yangu inaathirika katika kipindi hiki. Jibu lao lihifadhi. Kisha piga picha tairi zote nne, na kipimo cha kina cha mikato kikionekana (nchi nyingi za Ulaya zinataka isipungue milimita 1.6), taa zikiwaka, na dashibodi ikionyesha kilomita. Risiti za gereji ziweke pamoja. Siku ya mvutano, hizo ndizo zitakazosema gari lilikuwa zima.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, gari langu liko ndani ya geti miezi minne, haliendi popote. Nalo linahitaji ukaguzi?*

Sheria nyingi za ukaguzi hugusa gari linalotumika barabarani, kwa hiyo ndani ya geti kwa kawaida hauna kosa la ukaguzi. Angalia bima hata hivyo. Uingereza, tangu 2011, gari lililosajiliwa lazima liwe na bima hata kama halitembei, isipokuwa umetoa taarifa rasmi kwamba limewekwa nje ya barabara. Na hata pasipo na sharti hilo, mimi nisingefuta bima ya moto na wizi. Gari lililoegeshwa nalo huibiwa.

*Nimenunua gari, muuzaji ameniambia ukaguzi upo hadi mwakani na bima yake ameniachia. Niko salama?*

Nusu. Ukaguzi kwa kawaida hufuata gari. Bima katika nchi nyingi humfuata aliyeandikwa kwenye mkataba, na huyo si wewe. Usiondoke nalo kabla hujakata bima yako, au kabla kampuni haijakubali kwa maandishi kuihamishia kwako.

*Kaka, mimi nimegongwa, kosa ni la mwenzangu kabisa. Kampuni yake inasema hailipi kwa sababu cheti changu kilikuwa kimeisha.*

Hapo wanakujaribu. Kukosa kwako cheti hakukumsukuma yeye akugonge. Waandikie uwaulize: ubovu gani wa gari langu ulichangia ajali hii? Wakiwa na jibu, kwa mfano taa zako za breki hazikuwa zikiwaka na yeye alikuwa nyuma yako, basi fidia inaweza kupunguzwa kwa kiasi cha mchango wako. Wasipokuwa na jibu, peleka malalamiko kwa msimamizi wa bima wa nchi yako. Faini ya ukaguzi, kama ipo, utailipa mwenyewe, na hiyo haiwahusu.

*Nikikagua mapema si napoteza siku nilizolipia?*

Inategemea. Uingereza ukienda ndani ya mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya kuisha, tarehe yako ya mwaka haibadiliki. Japani, tangu Aprili 2025, ni miezi miwili. Uliza kwenu muda huo ni upi, uweke kwenye simu.

*Gari limefeli ukaguzi leo, lakini cheti cha zamani bado kina wiki mbili. Naweza kuendelea kulitumia mpaka kiishe?*

Hili ndilo swali gumu kuliko yote humu. Tarehe ya zamani inaweza kuwa bado hai, lakini hali ya gari ina sheria yake yenyewe. Uingereza, likikutwa na kasoro iliyoandikwa kuwa ni ya hatari, huruhusiwi kuliendesha hata kama cheti cha nyuma hakijaisha. Halafu kuna upande wa bima. Jana ungeweza kusema hukujua. Leo kuna karatasi yenye namba ya gari lako, tarehe na saa, inayosema, tuseme, breki ya nyuma kushoto haishiki, na umepewa nakala. Mtu wa madai akiipata karatasi hiyo hahitaji kutafuta kitu kingine. Liache hapohapo, uliza kama wanaweza kutengeneza breki leo, na urudi nyumbani kwa basi.