Ukitaka kuandika maisha ya mpiga makasia aliyefia vitani

Mjukuu wangu alinijia barazani, Kibokoni, Mombasa, na nusu ukurasa wa daftari mkononi. Mwalimu kawataka kila mmoja asimulie kwa dakika tano maisha ya mwanamichezo wa Olimpiki aliyekwisha kufa. Yeye hupiga makasia kule Tudor, kwa hiyo akamchagua Frederick Septimus Kelly, aliyepata medali ya dhahabu mwaka 1908, akawa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akauawa 1916. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Shujaa huyu alizama na meli yake."

Nikamuuliza, meli gani?

Kimya. Meli aliitunga mwenyewe, maana mtu wa jeshi la majini atafia wapi kama si majini?

Mimi nilihesabu shehena bandarini Kilindini miaka thelathini na moja. Karatasi ya meli ikisema mifuko mia nne, wewe unasimama gatini unahesabu inayoshuka, na mara nyingi si mia nne. Tukakaa jioni tatu kwa kahawa na kashata, nikamfundisha kuyahesabu maisha ya mtu hivyo hivyo. Nayaandika hapa kwa mwingine aliyepewa kazi kama hiyo, au mwenye mtu wake aliyekwenda vitani asirudi.

Jambo la kwanza ni kutenga jeshi la mtu na mahali alipofia. Hayo ni maswali mawili, usiyaulize kwa pamoja. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, Uingereza ilikuwa na mabaharia wa akiba wengi kuliko nafasi zilizokuwa melini. Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, akawafanya kikosi cha nchi kavu, Royal Naval Division. Batalioni zake zilipewa majina ya maadmeri: Hood, Drake, Nelson, Hawke. Walishika vyeo vya majini na lugha ya melini hata ndani ya mahandaki, na aliyepewa likizo alisema anashuka pwani. Kelly alikuwa batalioni ya Hood. Alipigwa risasi Beaucourt-sur-Ancre, Ufaransa, tarehe 13 Novemba 1916, siku za mwisho za mapigano ya Somme, akiongoza watu wake kuvamia bunduki ya rashasha. Umri wake miaka 35. Kaburi lake liko Martinsart, kijiji cha mashamba.

Hapo mjukuu alikata sentensi yake mwenyewe bila kuambiwa.

Pili, mtoe mtu wako ndani ya siku yake ya mwisho. Karatasi za vita humpenda mtu kwa kifo chake tu, na ukizifuata utaandika kurasa tatu za risasi na mstari mmoja wa maisha. Kelly alizaliwa Sydney, Australia, 29 Mei 1881, kwa baba tajiri. Akapelekwa Uingereza, shule ya Eton, kisha chuo cha Balliol kule Oxford. Tena huyu alikuwa mpiga piano na mtunzi wa muziki kabla ya kuwa askari. Alikwenda kuusomea muziki Frankfurt, Ujerumani, miaka mitano, na ni Wajerumani hao hao waliokuwa nyuma ya ile bunduki ya Beaucourt. Jambo la namna hii usilipambe. Liweke lilivyo, msikilizaji ataliona.

Kwenye makasia yenyewe, andika kwa lugha yetu ili mtu wa hapa aione mashua. Kafi na kasia si kitu kimoja. Mwenye kafi hutazama aendako, mwenye kasia huvuta akiwa amegeuzia mgongo kule aendako, anaona alikotoka tu. Kelly alikuwa wa kasia. Akiwa peke yake na makasia mawili alishinda Diamond Sculls, mashindano ya Henley kwenye mto Thames, mwaka 1902, 1903 na 1905. Mwaka huo wa mwisho alitumia dakika 8 na sekunde 10, na hakuna aliyeivunja rekodi hiyo hadi 1938. Mjukuu alikuwa ameandika "alikuwa hodari sana". Futa, weka 8:10 na 1938.

Halafu hesabu waliokuwa naye chomboni. Olimpiki ya 1908 ilikuwa ya London, lakini mashua zilishindana Henley. Mashua ya Kelly, ya klabu ya Leander, ilikuwa na wavutaji wanane na mshika usukani. Yeye alikaa kiti cha pili kutoka omo, yaani mbele ya mashua. Mmoja wao, Guy Nickalls, alikuwa na miaka 41, umri ambao hapa kwetu mtu anaambiwa aende akauze madafu. Katika fainali waliwashinda Wabelgiji. Sasa chukua majina yote tisa, uyatafute moja moja. Gilchrist Maclagan, aliyeshika usukani, aliuawa karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ronald Sanderson aliuawa Aprili 1918. Pamoja na Kelly, watatu kati ya tisa. Hesabu hii ilimchukua mjukuu jioni nzima, na ndiyo sehemu ambayo darasa zima lilinyamaza.

Karatasi ziko wapi? Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti, unaitafuta kwa simu. Kumbukumbu za utumishi za Royal Naval Division ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika fungu la ADM 339. Kelly aliandika pia daftari za kila siku, nazo ziko Maktaba ya Taifa ya Australia, Canberra. Usimlipe mtu kabla ya kupita kwenye vya bure. Mimi niliwahi kumlipa bwana mmoja mjini aniletee "cheti cha vita" cha mjomba wangu, akaniletea cha mtu mwingine kabisa, tena wa vita vingine.

Naam, mjomba. Kelly ana daftari, ana picha, ana utungo wa maombolezo wa ala za nyuzi na kinubi aliomtungia Rupert Brooke, mshairi rafiki yake waliyemzika kisiwani Skyros, Ugiriki, usiku mmoja wa Aprili 1915 wakielekea vitani Gallipoli, Uturuki. Kaka yake mama yangu hakuacha hata barua. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, karatasi yako ya kwanza ni wazee, na wazee wana namna yao ya kuulizwa. Usimuulize bibi, "Alikufa lini?" Atakujibu, "Wakati wa vita," basi. Muulize nani alileta habari, na baba yake alikuwa akifanya nini wakati ule. Mama aliniambia babu alikuwa ufukweni akikalafati mashua, nyundo ikasimama hewani. Nikamuuliza pepo gani zilikuwa zinavuma. Akasema kaka yake aliondoka wakati wa kaskazi, habari ikaja kusi imeshaingia.

Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba alifia Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa ndiko walikokuwa wakipelekwa. Alikuwa askari wa mizinga. Lakini nilipompata kwenye ile orodha ya makaburi, tarehe ilikuwa 12 Februari 1944, kaskazi bado inavuma. Siku ile manowari ya Kijapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na Maldives. Ilikuwa imetoka hapa hapa Kilindini mwanzoni mwa mwezi, inakwenda Colombo, imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika kama mbili. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Burma hakuiona. Nami nilipita gatini pale kila asubuhi miaka thelathini na moja.

Kumpata kwenyewe kulihitaji subira, kwa sababu makarani wa jeshi waliandika majina yetu walivyoyasikia. Jaribu kila tahajia: Khamis, Hamisi, Kamisi, Athumani na Osman, Saidi kwa i na bila i. Jaribu jina la baba limewekwa mbele. Ukipata mtu, usishangilie mpaka kikosi na tarehe vikubaliane na alichosema bibi. Wasio na kaburi majina yao yamechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Orodha hukupa namba ya mahali jina lilipo. Iandike kabla hujapanda gari. Mimi sikuiandika, nikazunguka na jua mpaka mtunza bustani akanihurumia.

Kuandika ni kazi ndogo ukishafika hapo. Futa "shujaa" kila ulipoliandika, kisha soma kwa sauti mbele ya mtu asiyekuheshimu sana. Sisi tulimsomea jirani mvuvi, akauliza maswali mawili, tukafuta mistari minne.

Alipomaliza ya Kelly zilibaki sekunde kama arobaini katika zile dakika tano. Mjukuu akaongeza sentensi mbili bila kuniuliza: "Mjomba wake babu yangu alikuwa askari wa mizinga, wa nchi kavu. Alifia baharini, 12 Februari 1944, na jina lake liko Ngong Road."